Tiketi ya vipande viwili: kwa mama ambaye mtoto hataki aende kazini

*Shikamoo mwalimu. Naishi Makorora, Tanga. Binti yangu ana miaka 3 na miezi 4. Mwezi uliopita nimeanza kazi kwenye duka la vitambaa Ngamiani, naye nikamwanzisha chekechea. Kila asubuhi ni vita. Anaganda kwenye baibui langu, analia mpaka anatapika uji. Mama mkwe ndiye anayemchukua saa 6 mchana, mimi narudi alasiri. Yeye ananishauri nimtoroke, eti atazoea. Usiku halali mpaka anishike mkono, zamani hakuwa hivi. Baba yake ni dereva wa lori la Mombasa, huondoka usiku mtoto akiwa amelala. Majirani wanasema nimemdekeza. Nimesikia kuna michezo ya familia inayoweza kumsaidia. Ni ipi, na tuicheze vipi? Maana mimi mwenyewe kucheza sijui.*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama pale ambapo naona wewe umepita haraka: baba huondoka usiku, mtoto akiwa amelala. Hebu lala kidogo kwenye kitanda cha huyo mtoto. Analala baba yupo, anaamka baba hayupo. Akiuliza anaambiwa kaenda kazini, na huko kazini baba hukaa siku 3, siku 4. Halafu mwezi uliopita mama naye akasema, "Nakwenda kazini." Neno ni lile lile. Unadhani ameelewa kwamba utakuwa Ngamiani, mwendo mfupi tu wa baiskeli? Ameelewa Mombasa. Na kwa kuwa kwao watu huondoka mtu akishalala, kaamua asilale, na akilala akushike mkono. Mtoto huyo hakudekezwa. Anapiga hesabu kwa habari chache alizonazo, na hesabu yake haina kosa.

Kulia huku kuna umri wake. Mtoto wa miezi 3 hubebwa na yeyote, akatulia. Kwenye miezi 7 au 8 hivi anaanza kujua kwamba kitu kisichoonekana bado kipo mahali. Jean Piaget, mtafiti wa akili za watoto kutoka Uswisi, alilichunguza jambo hili kwa kuwafichia watoto wake mwenyewe vitu chini ya kitambaa na kutazama kama watavitafuta. Ujuzi huo ndio unaoleta kilio: akishajua kwamba mama yupo mahali, anataka kujua kwa nini mahali hapo si hapa. Hofu hupanda mpaka karibu mwaka 1 na nusu, kisha hushuka polepole, na kwa watoto wengi hurudi tena kwenye miaka 3 au 4 mambo ya nyumbani yakibadilika: shule mpya, mdogo wake kuzaliwa, kuhama, mama kuanza kazi. Wako amepata mawili ndani ya mwezi mmoja. Kuna tofauti lakini. Huyu wa miaka 3 anajua kabisa kwamba upo. Asichokijua ni muda. Ukimwambia "saa 10 nitakuwa nimerudi", umempigia kengele ambayo hajui inaita nini.

Na hao majirani wape kisa hiki. Mwaka 1954 mtafiti Mary Ainsworth alikwenda Uganda, akawa anazitembelea familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala, akikaa na akina mama na kuwatazama watoto wao wachanga palepale nyumbani. Alichokiona ni kwamba mtoto humfanya mama yake kama bandari: hutambaa akaenda kuchungulia mambo, hurudi kumgusa, huenda tena. Anayelia bandari ikiondoka ni kwa sababu anayo.

Sasa hili la kumtoroka. Usigombane na mama mkwe, kwa sababu ushauri huo hata mimi niliwahi kuutoa. Nilikuwa mwalimu kijana wa darasa la watoto wadogo. Mama mmoja amesimama mlangoni, anachelewa kazini, mtoto kamng'ang'ania. Nikamwambia mtoto, "Njoo uone mbuzi dirishani." Akaja. Nikampa mama ishara kwa mkono, akapotea. Mtoto aligeuka kumwonyesha mama yake mbuzi, akiwa bado anacheka. Sura ile sijaisahau. Lakini lililonifundisha zaidi lilikuja baadaye: kwa zaidi ya wiki mbili mtoto yule hakulisogelea dirisha. Ukimwita aje aone kitu, kitu chochote, anakupa mgongo na kuukodolea macho mlango. Nilikuwa nimemharibia mbuzi, dirisha na mwalimu kwa mpigo mmoja. Asubuhi ile tuliepuka kelele, kazi ya kumrudisha ikawa ya mwezi.

Kwa hiyo hakuna kutoroka, na tuje kwenye michezo.

Mchezo unaosaidia hapa ni ule wenye kuondoka na kurudi ndani yake, na anayeondoka ni mtoto. Huko nje yeye huachwa tu, hana kauli. Kwenye mchezo ndiye mwenye funguo za gari. Hata watoto wadogo kabisa hujitungia mchezo huu bila kufundishwa. Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyechunguza mambo ya nafsi, aliandika mwaka 1920 kuhusu mjukuu wake wa mwaka 1 na nusu, aliyekuwa akirusha kigurudumu cha mti chenye uzi kikatokomea nyuma ya pazia la kitanda, kisha akikivuta kwa uzi na kukipokea kwa furaha. Mama yake alikuwa na kawaida ya kutoka. Mtoto hakuweza kumvuta mama, akavuta kigurudumu.

Kwenu ningeanza na basi, maana nyumba yenu inaishi kwa magurudumu. Jumapili baada ya chai, panga viti vinne vya plastiki barazani, viwili viwili. Mfuniko wa sufuria ndio usukani. Dereva ni binti yako, hilo halina mjadala. Bibi yake ni abiria, akae nyuma na kapu lake. Baba akiwepo awe konda, agonge bati na kuita, "Pangani, Pangani, wa mwisho huyo!" Asipokuwepo, konda awe mtoto yeyote wa jirani mwenye sauti. Wewe unabaki stendi. Chukua kigoda na ungo wa mchele, ukae mahali anapokuona.

Kabla basi halijaondoka, tengeneza tiketi. Kata ubavu wa pakiti ya majani ya chai, chora basi hata kama litafanana na kiatu, kisha lichane katikati kwa mkono, usitumie mkasi. Nusu ya dereva, nusu ya kwako. Mkono ukichana, pindo linatoka na meno yake, na meno hayo hayakubali kuungana na kipande kingine chochote. Mwache mtoto alijaribu hilo mwenyewe. Atavikutanisha na kuvitenganisha mara kumi, na basi litachelewa. Liache lichelewe.

Basi liende sasa. Lipite Tongoni, lishushe watu Kigombe, lifike Pangani, bibi alipe nauli kwa majani ya mwarobaini na kulalamikia mwendo wa dereva. Wewe kule stendi unachambua mchele na kusema kwa sauti ya kusikika, "Dereva wangu kaenda Pangani. Mimi nipo hapa hapa, nachambua mchele, mpaka arudi." Hayo ndiyo maneno yote anayohitaji kuyasikia, nayo hayawezi kumwingia ukiyasema asubuhi mlangoni wakati analia. Anayasikia akiwa ameshika usukani. Basi likirudi, konda anatangaza kwa mbwembwe ule usemi wetu wa Tanga, "Waja leo, waondoka leo!", nusu za tiketi zinakutanishwa, zikikubaliana watu wanakumbatiana. Halafu atasema, "Tena." Na tena. Dakika 20 zinatosha, ila hizo 20 simu iwe ndani.

Mambo mawili yatakushangaza. La kwanza, atakugeukia. Atakuacha stendi muda mrefu kuliko inavyopendeza, na ukijifanya umenuna atakwambia, "Nyamaza! Mtoto mkubwa halii!" kwa sauti yako mwenyewe, pengine na kidole juu. Usikasirike, wala usimsahihishe. Jibu tu, "Lakini mimi nakutaka dereva wangu." Nuna kidogo; usilie kwa kweli kweli, hapo utamtisha. La pili, ipo siku, inaweza kuwa Jumapili ya pili au ya tatu, atakwambia, "Mama, leo wewe ndiye uende." Siku hiyo usiirukie kwa pupa ukaenda sokoni saa nzima. Nenda mpaka kona ya nyumba, urudi, muunganishe tiketi. Kisha mpaka getini. Kisha dukani kwa kununua sukari. Abaki na bibi yake, nusu ya tiketi mkononi.

Tiketi hiyo hiyo ndiyo inayokwenda chekechea Jumatatu. Aga yako mlangoni iwe fupi, na iwe ile ile kila siku: unachuchumaa, unachana tiketi, unampa nusu yake, unamwambia unakokwenda na nani atakuja. "Nakwenda Ngamiani, siendi Mombasa. Bibi atakuchukua, mtakula wali, utalala. Adhana ya alasiri italia, bibi atasali, kisha mimi nitabisha hodi." Angalia mpangilio huo. Sikukwambia umwahidi kwamba adhana ikilia utakuwa mlangoni, maana siku bajaji ikikwama utakuwa umesema uongo. Unampa mlolongo wa vitu anavyoviona na kuvisikia, na wewe umewekwa mwishoni, penye nafasi. Muda wa saa hausomi, ila mwadhini anamsikia na bibi akitandika mswala anamwona.

Atalia bado. Wiki ya kwanza usitegemee miujiza. Mkabidhi kwa mwalimu mkono kwa mkono, geuka, nenda, wala usirudi kuchungulia dirishani, kwa sababu akikuona tena kilio kinaanza upya na anajifunza kwamba kilio kikikaza mama hurudi. Mweleze mwalimu habari ya tiketi asije akaifagia. Uliza pia, kwa siri, mtoto hunyamaza baada ya muda gani. Mara nyingi jibu litakupa nguvu, maana wengi huwa wameshaingia kwenye mchanga kabla wewe hujafika barabarani. Na uji uhamishe: asubuhi mpe kidogo, na mapema, huko kutapika kutapungua.

Ukirudi alasiri, kabla ya kutua mkoba, kabla ya kuuliza chakula kiko wapi, toa nusu yako. Hapo ndipo tiketi inapopata maana. Ukiiruka siku mbili tatu itakuwa takataka tu. Na usimuulize, "Leo ulilia?" Muulize walicheza nini.

Basi likiwachosha, ingieni baharini. Mada moja ikae wiki mbili hivi, kwa sababu mtoto hutaka marudio muda mrefu baada ya mkubwa kuchoka. Tafuta karara la mnazi, lile ganda gumu linalofunika maua yake. Mungu aliliumba likiwa dau tayari. Toboa ncha, funga kamba ya mkonge, si ndefu, urefu wa mkono wake uwe mara mbili, na mkimaliza kucheza kamba uitunze wewe, isibaki kwa mtoto peke yake. Dau lake linaingia chini ya kitanda, huko ndiko kilindi cha bahari, kisha analivuta na samaki ndani. Samaki ni kitu chochote: kijiko, soksi, kipande cha kanga. Asubuhi moja ya Jumapili mpelekeni Sahare akaone wavuvi wanavyorudi. Kaeni ufukweni hata nusu saa tu, atazame chombo kinavyoanza kama nukta, kikawa tanga, kikawa watu wenye sauti wanaobishana bei. Hakuna somo la darasani linaloeleza "aliyekwenda anarudi" vizuri kuliko hilo, na nauli yake ni ya daladala.

Ila nikuonye kitu kimoja kwenye mada hii. Mama mmoja alinisimulia jinsi alivyomwambia mwanawe, "Nitarudi maji yakijaa." Maneno matamu, mpaka ukumbuke kwamba maji husogea karibu dakika 50 kila siku. Wiki haikuisha, mtoto kasimama dirishani, maji yamejaa, mama yuko kazini. Adhana nayo husogea, ila kidogo kidogo, na bibi anaijua.

Kibe, ule mchezo wa kujificha na kutafutana, nacho kizuri, na hakihitaji maandalizi. Kwa mtoto wa umri huu jificheni vibaya: mguu uonekane, pazia licheke. Familia moja niliyoijua walijificha wote kwa ustadi, mtoto akabaki peke yake sebuleni kwenye nyumba tupu, na kibe kikafa kwao moja kwa moja. Na naomba, naomba sana, usije ukatumia kibe kama mlango wa kutokea. Nimeona watu wanafanya. Wanahesabiwa mpaka kumi, nao wako kwenye bodaboda.

Usiku nao una mchezo wake. Wewe ni mlinzi wa zamu, na tochi unayo. Ukishamlaza, mwambie, "Mlinzi anakwenda kukagua jikoni, anarudi kukagua hapa." Nenda kweli, urudi baada ya dakika moja, ummulike miguu, useme "Hapa salama", uende tena. Mara ya pili dakika 2, kisha 5. Rudi kabla hajakuita, hiyo ndiyo kanuni. Akiitikia kwa kilio umechelewa, kesho punguza. Na akishalala pita mara ya mwisho, uigeuze ndala yake moja itazame mlangoni, kwa sababu mlinzi huacha alama. Asubuhi akiikuta imegeuzwa, ana ushahidi kwamba alilala na mtu akaja.

Ndipo nafika kwa baba, ambaye kwa maoni yangu ndiye mwenye nusu ya dawa. Kama lori linaondoka saa 8 usiku, aage saa 2 jioni, mtoto akiwa macho, hata kama jioni nzima itaharibika kwa kilio. Ni bora kilio hicho kuliko asubuhi yenye kitanda kitupu. Naye achane tiketi yake, nusu ibaki kwenye lori, ibandikwe mahali pa kuonekana. Siku akipiga simu ya video aionyeshe. Kwa siku za safari wekeni makombe ya pwani kwenye bakuli, makubwa yasiyoingia mdomoni, moja kwa kila usiku, na kila asubuhi mtoto anaondoa moja. Lakini malori hukwama mpakani Horohoro, wewe unajua. Foleni ikizidi, baba mwenyewe apige simu amwambie mtoto, "Ongeza kombe moja." Mtoto ataudhika. Ataudhika kwa kitu alichoambiwa, na hilo ni tofauti kabisa na kuishiwa makombe na baba hayupo.

Kuna vitu vya kuacha hapo nyumbani, navitaja haraka. Kumtishia mtoto kwa mumiani ili anyamaze, kumwambia "ukiendelea nitaondoka nisirudi", kumcheka mbele ya wageni kwa kulia. Mnacheza basi Jumapili, Jumatano mtu anasema "nitaondoka nisirudi": viti vyenu vya plastiki mmevipanga bure.

Mengine si ya michezo. Kilio kikipita wiki nne bila kupungua hata kidogo, akiwa anakataa kula, anaumwa tumbo kila siku za shule na kupona Jumamosi, ameanza tena kukojoa kitandani, au ameacha kuongea na watu, mpeleke kituo cha afya, na wakiona inafaa watakuandikia uende hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo. Na sikiliza sana kama hofu yake ni ya mtu mmoja au chumba kimoja hapo chekechea, au ukiona alama mwilini. Hapo usicheze mchezo wowote. Mtoe kwanza, uulize baadaye.

Umesema kucheza hujui. Mimi nakuona unajua kuchambua mchele na kukaa kwenye kigoda, na kazi yako kwenye basi ni hiyo tu. Jumapili hii anza na viti. Tiketi ikirudi kutoka chekechea imelowa, imetafunwa, au nusu yake amempa rafiki, usimgombeze, pakiti za majani ya chai haziishi. Chana nyingine.